Mtoto Anapotaka Kusoma Ilimu ya Nafsi

Kila mwaka, mwezi wa Julai, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, katika nyumba zetu za Handeni na Korogwe huanza maneno. Kijana aliyefaulu hutaja ilimu anayotaka kwenda kuisoma, na wazee hupima. Akitaja udaktari, nyumba nzima hushukuru. Akitaja ualimu au sheria, hushukuru pia, ingawa kwa sauti ya chini kidogo. Lakini siku hizi wako wanaotaja jambo jingine, ambalo wazee wakilisikia hutazamana: saikolojia, yaani ilimu ya nafsi. Baba huuliza ndiyo ilimu gani hiyo. Mama huuliza kama ina kazi. Na mjomba, ambaye hakuulizwa, husema kuwa ni ilimu ya Wazungu ya kutibu wazimu, na kwamba mwenye kuisoma mwishowe naye huugua.

Maswali haya yameletwa kwangu barazani mara nyingi, hata nimeona yafaa niyajibu kwa kalamu. Mimi sikusoma chuo kikuu. Ilimu yangu ni ya msahafu na ya shule ya msingi. Niyaandikayo humu nimeyapata kwa kusoma vitabu na kwa kuwauliza vijana wetu walioisoma ilimu hii, ambao baadhi yao walianza alifu kwangu.

Kwanza, neno nafsi si geni kwetu. Mtoto wa madrasa hulisikia kabla hajajua kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu. Kurani imeitaja nafsi yenye kuamrisha maovu, nafsi yenye kujilaumu na nafsi iliyotulia, na maulamaa wameandika juu yake vitabu visivyo idadi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihyau Ulumi-d-Din ameichambua hasira, husuda, kibri na kupenda mali kama tabibu achunguzavyo kidonda: chanzo chake, dalili zake na dawa yake. Huyo twamjua sote. Nataka kumtaja mwingine ambaye jina lake halisikiki sana katika darasa zetu, naye ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi, mtu wa mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Alifariki mwaka 934.

Huyu bwana aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, akakifanya sehemu mbili, moja ya mwili na moja ya nafsi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulika na mwili peke yake, ilhali mtu ni vyote viwili pamoja, na kimoja kikiugua kingine nacho huumia. Maradhi ya nafsi aliyaweka mafungu manne: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Tena huzuni akaigawa mara mbili. Iko yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali. Na iko isiyokuwa na sababu ijulikanayo, imshukayo mtu tu, ambayo yeye aliona asili yake imo mwilini. Matabibu wa Ulaya walikuja kuutumia mgawanyo wa namna hiyo karibu miaka 1000 baada yake. Na alitoa shauri ambalo kila nyumba yaweza kulitumia bila ya gharama: kama vile mtu mzima awekavyo dawa nyumbani kabla ya ugonjwa, na ajiwekee fikra njema wakati ametulia, ili siku ya hasira au hofu azikute tayari.

Haikuwa vitabu vitupu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali kubwa iliyokuwa na mahali palipotengwa kwa wagonjwa wa akili, ambapo walitibiwa kama wagonjwa wengine. Basi asemaye kwamba ilimu hii Waislamu hawakuijua, huyo hana habari na maktaba yake mwenyewe.

Walakini haitakuwa haki kudai kuwa ilimu isomwayo leo vyuoni ndiyo ile ya Balkhi. Hii ya leo imejengwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1879 Mjerumani Wilhelm Wundt alifungua maabara yake katika mji wa Leipzig, na tangu hapo njia ya ilimu hii imekuwa kupima, kuhesabu, kujaribu na kujaribu tena. Ndiyo maana kijana aendaye kuisoma akidhani atafundishwa kusoma mawazo ya watu, hushtuka anapokutana na hesabu za takwimu katika mwaka wa kwanza. Wengi hujikwaa hapo. Mzazi ambaye mwanawe aliichukia hesabu tangu darasa la tano na amwambie mapema.

Niliwahi kumwomba kijana mmoja wa Korogwe anionyeshe madaftari yake. Tulikaa baina ya Alasiri na Magharibi, naye akinifasiria, na nakiri nilifurahi. Nilimkuta humo Hermann Ebbinghaus, Mjerumani pia, aliyetoa kitabu juu ya kuhifadhi na kusahau mwaka 1885. Alijitungia silabi nyingi zisizokuwa na maana, akazihifadhi yeye mwenyewe, kisha akawa anapima: baada ya dakika kadhaa, baada ya saa, baada ya siku, amesahau kiasi gani? Akaona kwamba kusahau huwa kukali mno katika saa za mwanzo, kisha hupunguza kasi. Akaona tena kuwa marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali huliimarisha jambo kuliko marudio mengi ya kikao kimoja. Ni mwalimu gani wa hifdhi asiyelijua hili? Ndiyo sababu tukamtaka mtoto airejee aya ya leo usiku huu huu kabla ya kulala, na kesho alfajiri, na wiki ijayo pamoja na sura iliyotangulia. Sisi tumelipokea kwa masheikh wetu, yeye amelipima kwa saa na daftari. Nami sikuona aibu kumwambia yule kijana kuwa daftari lake limenifaa, kwa sababu sasa namweza mzazi anayetaka mwanawe ahifadhi juzuu nzima katika likizo moja.

Nilimkuta pia Jean Piaget wa Uswisi, aliyeishi baina ya 1896 na 1980. Huyu aliwatazama watoto, wakiwamo wanawe mwenyewe, kwa subira ya ajabu. Mchukue mtoto wa miaka minne au mitano, umwonyeshe maji katika bilauri pana, kisha uyamimine mbele ya macho yake katika bilauri nyembamba ndefu. Atakwambia maji yameongezeka. Mwulize tena akifika miaka minane, atakucheka. Katikati hapo akili yake imekua, kama mifupa inavyokua. Mwalimu akilijua hilo hatamwita mtoto mdogo mjinga kwa kushindwa jambo ambalo wakati wake haujafika.

Na yuko bibi mmoja, Mary Ainsworth, ambaye kazi yake imeanzia jirani yetu. Katika miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akizunguka katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akitembelea akina mama 26 majumbani mwao na kutazama jinsi wanavyokaa na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humwitikia anapomlilia hapungukiwi na ujasiri, kama wasemavyo wale wanaoogopa kudekeza. Bali ndiye athubutuye kutambaa mbali na kuichungua dunia, maana anajua pa kurudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Leo jambo hilo hufundishwa katika vyuo vya dunia nzima, na lilionekana kwa akina mama wa Afrika Mashariki.

Hapa nina neno na walimu wenzangu, wasiopenda waruke mistari hii. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, katika Mukaddima yake ameweka mlango wa peke yake juu ya ukali kwa wanafunzi. Anaeleza kuwa mtoto alelewaye kwa mabavu hunywea, hupoteza uchangamfu wake, huingiwa na uvivu, na hufundishika uongo na hila kwa kuuogopa mkono ulio juu yake. Vijana wetu huyakuta hayo hayo chuoni kwa njia ya majaribio na takwimu, kisha hurudi nyumbani wakaiona fimbo imetundikwa ukutani mwa madrasa. Wakisema, huambiwa wameharibiwa na Wazungu. Naona ni afadhali waambiwe wamemfuata Ibn Khaldun.

Amma kuhusu hatari, ipo, na mzazi anayeiuliza hakosei. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna aliyefariki mwaka 1939, aliihesabu dini kuwa ni njozi ya binadamu atafutaye baba wa kumlinda. Wamarekani wengine wa karne ya 20 walimtazama mtu kana kwamba ni mashine ya kuzoezwa, kama mbwa azoezwavyo kutokwa mate kwa kusikia kengele. Kijana wa miaka 19 akisomeshwa hayo na mwalimu asiyemwonyesha kuwa hiyo ni rai ya mtu na siyo hesabu iliyopimwa, aweza kurudi kwao amechanganyikiwa. Aliyelisema jambo hili kwa uwazi kuliko wote ni Msudani Malik Badri, aliyezaliwa mwaka 1932 akafariki 2021. Mwaka 1975 aliwaonya wanasaikolojia Waislamu kwa mfano wa shimo la mjusi, ambao asili yake ni hadithi iliyo mashuhuri, kuwa wasiwafuate wengine wakaingia nao shimoni bila ya kufikiri. Na mwaka 1979 akatoa kitabu kizima juu ya mashaka ya mwanasaikolojia Mwislamu. Lakini Badri hakusema ilimu hii iachwe. Yeye mwenyewe aliitumia kuwatibu watu, akaifundisha mpaka uzeeni, na ndiye aliyekifasiri kitabu cha Balkhi kwa Kiingereza. Alitaka ichujwe, na achujaye hana budi awe ameisoma.

Kwa hiyo suala la kijana wetu asome wapi ni zito kuliko lionekanavyo. Neno chuo kwetu lilikuwa la madrasa kabla halijakuwa la chuo kikuu. Tuliposema mtoto amekwenda chuoni, tulimaanisha kwa mwalimu wake wa Kurani, aliyemjua yeye na baba yake. Chuo kidogo cha leo kina baraka iliyo karibu na hiyo. Mwanafunzi hapotei katika ukumbi wa watu mamia. Akiwa na shaka juu ya Freud aweza kumfuata mwalimu akamwuliza uso kwa uso.

Vyuo vya namna hiyo vilivyo jirani au vinavyotuhusu vipo. Chuo cha Ualimu cha Korogwe kiko mlangoni petu, na ingawa hakitoi shahada, kila mwalimu apitaye katika vyuo vya ualimu husomeshwa sehemu ya ilimu ya nafsi, yaani jinsi mtoto anavyokua na anavyojifunza. Huko Magamba, Lushoto, zamani palikuwa na chuo kilichoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 2007 na kupewa jina la Sebastian Kolowa, kilichojulikana kwa kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Waislamu nao wana Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya Shirika la Umeme, ambako asomeaye ualimu huisoma ilimu hii ndani ya masomo yake. Na Unguja, pwani ya Chukwani, kipo chuo kilichofunguliwa mwaka 1998 kwa juhudi za tabibu wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, aliyefariki mwaka 2013, nacho leo chaitwa kwa jina lake. Kilianza kama chuo cha ualimu, kisha kikaongeza mengine, ikiwamo shahada ya ushauri nasaha na saikolojia. Kwa desturi shahada ya kwanza ni miaka 3, na mwombaji huhitaji kufaulu vizuri masomo mawili ya Kidato cha Sita, kwa jumla ya pointi 4.

Lakini udogo una dhiki zake. Maktaba huwa nyembamba, na mwalimu mmoja huweza kubebeshwa masomo matatu. Mzazi asione haya kwenda au kupiga simu akauliza: walimu wa somo hili ni wangapi, na wao wamesoma wapi? Mafunzo ya vitendo hufanywa wapi, hospitali au shule, na kwa wiki ngapi? Kozi hii imo katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu cha mwaka huu? Mtu anayenunua ng'ombe mnadani humfungua kinywa akatazama meno. Nashangaa kwamba huyo huyo humpeleka mwanawe chuoni asitazame chochote.

Binti mmoja wa upande wa Handeni, aliyehitimu msahafu katika darasa langu, ndiye aliyechagua Chukwani. Mama yake alinijia.

"Maalim," akasema, "ilimu hii haitamharibu mwanangu akili?"

Nilimwambia kuwa sijapata kusikia mtu aliyeugua malaria kwa kusoma kitabu cha malaria. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, kwa kuwa alijua, nami nilijua, kilichompeleka binti yule huko. Mama yake mdogo, baada ya kujifungua mtoto wa tatu, alikuwa ameacha kusema. Hakuoga, hakula, mtoto akiletwa kifuani humgeuzia mgongo. Alipelekwa kwa waganga wawili, wakachukua kuku na mbuzi. Alisomewa, na kusomewa ni jambo jema, wala sitaki mtu anielewe vingine. Lakini hakuna sheikh mwenye ilimu aliyesema kuwa asomewaye asipelekwe kwa tabibu. Miezi ikapita, na watu wa nyumba wakawa wanamfungia mlango kwa kuona haya. Binti yule wakati huo alikuwa Kidato cha Pili, na ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Maradhi yenyewe yanajulikana, yana jina na yana tiba, na huwapata akina mama wazazi katika kila nchi; pale nyumbani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelijua hilo.

Mwishowe alipelekwa Lutindi. Kwa sisi watu wa Tanga, jina hilo limekuwa la kutishia na la kutukania, na wengi walitajao hawajui habari zake. Lutindi iko wilaya ya Korogwe, juu katika milima ya Usambara. Mwaka 1896 wamishionari wa Kijerumani walijenga pale makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Watoto hao walipopungua, yapata mwaka 1905 pakageuzwa kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, pa kwanza katika Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, wakati wa Waingereza. Hospitali hiyo ni ya Walutheri, na hupokea watu wa dini zote. Wagonjwa hupewa dawa, na wenye nguvu hufanya kazi shambani, kwenye chai na katika karakana, kwa kuwa mkono uliorudi kazini huivuta akili nayo irudi. Basi hospitali kongwe kuliko zote ya maradhi haya iko wilayani kwetu, nasi twaitumia kwa matusi. Mgonjwa wetu alikaa huko majuma kadhaa, akarudi akiwa mtu anayesema, na mtoto yule wa tatu sasa yuko darasa la nne.

Nimeulizwa kama binti huyo atakuwa daktari. Hapana. Daktari wa maradhi ya akili husomea kwanza udaktari wa kawaida miaka 5, kisha huongeza mwaka wa mazoezi na miaka mingine ya ubingwa. Huyo ndiye mwenye ruhusa ya kuandika dawa. Mwenye shahada ya saikolojia kazi yake ni kusikiliza, kupima, kushauri na kufundisha, naye hupatikana shuleni, ustawi wa jamii, magereza, katika mashirika yanayohudumia watoto na wagonjwa, na katika hospitali chache. Kazi za serikali kwa wasomi hawa si nyingi, na amwambiaye mzazi kuwa ajira inamngojea mwanawe mlangoni anamdanganya. Akichanganya na ualimu, nafasi yake huwa pana zaidi, kwani shule hutaka mwalimu wa ushauri nasaha.

Limebaki la fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi watu wetu waliikimbia kwa sababu ya nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, ambayo wengi waliiona ni riba kwa jina jingine. Yafaa ijulikane kuwa nyongeza hiyo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Hukumu ya mkopo wenyewe naiachia kwa wenye ilimu ya fikihi, ila nimewakuta wazazi wanaokataa fomu hata leo kwa ajili ya jambo lililokwisha kuondolewa.

Baba wa binti wa Handeni hakujaza fomu. Aliuza ng'ombe wawili kwa ada ya mwaka wa kwanza, na ndugu wakachanga iliyofuata. Sasa yumo katika mwaka wa tatu, na kwa mafunzo ya vitendo ameomba apelekwe Lutindi. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami, lakini njia ya kupanda mlimani ni ngumu kwa mgeni, na baba yake alikuwa akitafuta mtu wa kumsindikiza. Mama yake mdogo amesema atakwenda naye yeye, kwa kuwa njia anaijua.